Mbingu Tuliyoitoboa kwa Sindano

Hapana. Bashi sitoi.

Mmekuja mara mbili nyumbani kwangu hapa mtaa wa Kasulo, ninyi watoto wa filamu za telefone, mkiniomba niwaazime lile turubai jeusi linalofunika mlango wangu wa nyuma. Mmesema mnatengeneza filamu ya watu waliotoka kwenye nyota nyingine, na mnataka giza la kutundika nyuma yao. Mmoja wenu, yule mrefu wa kofia iliyogeuzwa, akaniambia: "Kambo, bibi yetu, hii bashi iko na matundu mingi, inavuja, utaifanyia nini?" Nikamjibu kwamba matundu hayo yalipita kwenye televizyo kabla mama yake hajazaliwa. Mkacheka. Mkaangaliana. Nikaona mnafikiri bibi ameanza kuota mchana.

Basi nimenunua daftari. Shule nilisoma miaka mitatu kwa masista, kisha baba akasema imetosha, kwa hiyo naandika kama ninavyoshona: polepole, na nikikosea nafumua. Someni mpaka mwisho, ndipo mrudi kuomba.

Kazi yangu ilikuwa kuvalisha waigizaji. Mji wetu ulikuwa na stasyo ndogo ya televizyo, na stasyo ilikuwa na kundi lake la maigizo, na kundi lilikuwa na mshonaji mmoja, ndiye mimi, Mama Numbi. Ninyi mkisikia hivyo mnaona mapambo na poda. Kazi yenyewe ni kukimbia na pini mdomoni. Nimemeza pini mbili katika maisha yangu. Moja ilitoka. Ya pili bado naingojea.

Sindano sikujifundisha mwenyewe. Alinifundisha Tata Mbuyi, fundi wa nguo karibu na soko, mtu mwembamba wa mgongo uliopinda, aliyevaa mita ya kupimia shingoni hata kanisani. Wazazi wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Yeye alizaliwa hapa Kolwezi, alibatizwa hapa, alioa hapa. Na kwa sababu alikuwa na sauti nzito kuliko mwili wake, kundi la maigizo lilimchukua naye. Akawa anaigiza, mi namvalisha, na kila nguo niliyomvalisha aliikagua kwanza kama polisi wa barabarani. Habari hii yote ni ya jina lake: kama lingepita kwenye televizyo, au lisingepita.

Lakini nianze na koti la mvua, maana kila kitu kinatoka hapo.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwa Tata Mbuyi. Karani mmoja wa reli akaleta koti lake la mpira, tumshonee mfuko kifuani. Fundi alikuwa amekwenda matangani. Mi nikajiona nimeshaiva. Nikachukua sindano ya ngozi, ile yenye mashavu matatu, nikashona mfuko. Nikautazama: umekaa juu, karibu na kwapa, kama unaogopa kitu. Nikafumua, nikaushusha vidole vinne, nikashona tena. Matundu ya kwanza nikayasugua kwa ukucha, kama tunavyofanya kwenye pamba. Nikaona yamepotea. Nikajipongeza.

Mvua ya kwanza ilipopiga, karani akarudi. Alifungua tu vifungo. Shati lake lilikuwa limeloa kifuani kwa mstari mmoja ulionyooka, kama umepigwa rula.

Tata Mbuyi alimpa karani kiti na chai. Mi akanivalisha koti. Akanipeleka uani kwenye robine, bomba la maji, mbele ya wateja, akanifungulia maji.

"Hesabu," akasema.

"Nihesabu nini, Tata?"

"Matundu. Kila fasi unasikia baridi, njo tundu. Hesabu kwa sauti, bamama basikie."

Nilihesabu. Nilifika arobaini na kitu, meno yanagongana, wale wamama wanajibu pamoja nami kama litania. Alipofunga maji alinipa taulo, akanieleza taratibu, maana hasira zake zilikuwa fupi. Pamba ni nyuzi. Ukitoa sindano, nyuzi zinarudi kuungana, tundu linafunga. Mpira hauna nyuzi. Tena ile sindano ya mashavu matatu haitoboi, inakata. "Kwenye mpira," akasema, "ukifumua, uzi unatoka, tundu linabakia. Usishone pale kitu utakuya kufumua."

Wekeni hilo akilini. Hata ninyi msioshona.

Sasa watu wa nyota. Hadithi aliiandika Mwalimu Kasongo, mwalimu wa shule ya msingi ambaye ndiye aliyetuongoza. Watu wa nyota wameishiwa maji huko kwao, wanashuka kwenye shimo la zamani la mgodi wa Mutoshi, wanaomba maji na mahali pa kukaa. Watu wa mji wanabishana: tuwape, tusiwape. Tata Mbuyi alikuwa mkubwa wa watu wa nyota. Kwa nini Mutoshi? Mmefika pale, mnajua. Ukisimama chini ya lile shimo, hakuna haja ya kumwambia mtu kwamba uko dunia nyingine.

Ilikuwa ile miaka ambayo kazi za mgodi zilikuwa zinaanguka moja baada ya moja. Mashini zimesimama, magazini, yaani maghala ya mgodi, matupu. Mwalimu alinikabidhi orodha ya mavazi: vitambaa vya fedha, zipu, vioo. Nikamuuliza kama orodha hiyo niipeleke magazini au niipeleke kwa Mungu moja kwa moja.

Tukatafuta kilichobaki. Kiwandani kulikuwa na kitambaa cha kuchujia madini, kizito, cheupe, kinasimama chenyewe kama kimepigwa wanga. Nikakishona mavazi sita. Kosa langu: nilikifua mara moja tu, kwa sabuni. Kitambaa kile kilikuwa kimekunywa asidi miaka mingi. Siku ya kwanza ya kupiga picha, watu wote wa nyota walianza kujikuna. Wanajikuna shingo, wanajikuna kwapa, mkubwa wao anajikuna mgongo kwa fimbo ya utawala. Mi nikangoja kufukuzwa. Mwalimu Kasongo akatazama kwenye kamera, akasema: "Iko bien. Iache. Itakuwa njo salamu yabo." Na mpaka leo wazee wa hapa wakikutana wenyewe kwa wenyewe, kuna wanaosalimiana kwa kujikuna kwapa. Vijana mkidhani ni upele, sasa mmejua. Na mkipata kitambaa cha namna hiyo, mkiloweke siku mbili katika maji ya majivu kwanza. Asidi inaogopa majivu.

Kofia ya mkubwa niliitengeneza kwa kifuniko cha taa kubwa ya kiwandani. Mbele, penye macho, niliweka ile karatasi nyeusi ya picha za ndani ya mwili, niliyopewa na mtu wa hospitali. Inapendeza. Ila ukitazama vizuri unaona mbavu za mtu.

Zipu hazikupatikana. Kila asubuhi nilimshona Tata Mbuyi ndani ya vazi, akiwa amesimama. Tulipofika Mutoshi siku moja, jua kali, kamera tayari, nikasikia sauti ndani ya kofia.

"Numbi. Fumua."

"Tata, Mwalimu amesema tunaanza."

"Numbi, nilikunywa chai mbili. Fumua."

"Dakika tano tu, Tata, vumilia."

"Mi ni mukubwa wa nyota nzima, na ninakuamuru: fumua!"

Nilifumua. Tangu siku ile sijamfunga mwigizaji yeyote bila kumwachia mlango. Andikeni hilo pia kwenye telefone zenu.

Na viatu! Viatu nilisahau kabisa, na hili ni kosa ambalo angelifanya mtu wa Kolwezi tu. Watu wa nyota walivaa buti za mpira za mgodi, maana kila mtu alikuwa nazo, na macho yetu yalikuwa yamezizoea hata hatuzioni tena. Kila buti ina namba ya mfanyakazi, imeandikwa kwa rangi nyeupe kisiginoni. Watu wa nyota wanageuka kuondoka, wanatuonyesha visigino, na kila kisigino kina namba. Kipindi kilipopita, mji mzima ulipiga kelele: "Ile ni buti ya Tata fulani! Kumbe eko nyota gani siku hizi?"

Nimefika kwenye bashi. Tulihitaji anga la usiku ndani ya studio. Dereva mmoja alitupa bashi ya lori lake lililokufa, turubai la mpira, jeusi, kubwa kama ukuta. Mawazo yalikuwa rahisi: nitoboe matundu, na Tata Senga, fundi wa taa, aweke taa nyuma. Penye tundu patang'aa nyota.

Nilichukua sindano ya mashavu matatu, nikatoboa mchana kutwa. Tata Senga akawasha. Tata Mbuyi akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Mkono wa mshonaji unapenda mstari. Nilikuwa nimetoboa nyota kwa safu, nafasi sawa, safu baada ya safu.

"Kuyeni muone," akasema, "hii ni mbingu ya kwabo, Lubudi. Amepanda nyota na jembe. Numbi, utavuna lini?"

Kwetu Lubudi tunalima, hilo kweli. Nilinuna siku mbili. Kisha akaja mwenyewe, akachukua msumari na sindano, akanionyesha: ufumbe macho, utupe kokoto kwenye turubai, pale inapogonga ndipo utoboe. Kubwa kwa msumari, ndogo kwa sindano. Tukatoboa pamoja, yeye anatupa, mi natoboa, safu zangu zikapotelea katikati ya nyota zake.

Yakabaki majina. Mnajua mwishoni mwa kipindi majina ya watu wa kazi yanapita: nani ameigiza, nani amepiga picha, nani ameshona. Mashini ya stasyo ya kuandika herufi ilikuwa imekufa, rangi nyeupe nayo imekwisha. Mwalimu akasema: "Mama Numbi, utayashona." Akachora herufi kwa chaki upande wa chini wa ile bashi, mi nikazifuata kwa uzi mweupe. Sindano ya mashavu matatu tena, maana nyingine zilivunjika kwenye mpira ule. Herufi nyingine sikuzijua, lakini mshono hauulizi kama umesoma. Mpango ulikuwa hivi: mwisho wa kipindi zionekane nyota kwa taa ya nyuma, kisha taa ya mbele iwake, na majina yasomeke. Na kwa kuwa kaseti zilikuwa zimekwisha, kipande hicho cha mwisho tungekirusha moja kwa moja kutoka studio, siku ya posho, yaani Jumamosi, jioni.

Katikati ya hayo ndipo wenyeji wakaanza kuwafukuza Wakasai, hata waliozaliwa hapa, wakisema ni wageni.

Mmesikia habari ile kwa wazee wenu, kila mmoja kwa namna yake, na wengine wenu mmesikia kimya tu. Sitawaandikia nyimbo zilizoimbwa mbele ya milango ya watu. Nitawaandikia nilichokiona. Asubuhi moja nilikuta duka la Tata Mbuyi limefunguliwa bila ufunguo, meza imekwenda, kioo kimekwenda. Yeye na mke wake, Mama Meta, na watoto wanne walikuwa wameshafika gare, kwenye kituo cha treni, pamoja na watu wasiohesabika, wakingoja bagoni, behewa la kuwapeleka kwa wazazi wa wazazi wao.

Na nitawaandikia langu. Siku ile sokoni mama mmoja alinishika mkono, akaniambia kwa furaha: "Numbi, sasa weye njo fundi mukubwa. Weye mutoto wa fasi, mwenyeji. Chukua ile duka." Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nilinunua chumvi, nikaenda. Chumvi ile nimeila, na mpaka leo inanikwama.

Siku iliyofuata niliwapelekea bukari na sombe, yaani ugali na majani ya mihogo. Tata Mbuyi alikuwa amekaa chini, karibu na kichwa cha mashini yake ya kushonea alichokifunga katika blanketi kama mtoto. Mita bado iko shingoni. Alikula, akanawa, akaniuliza kama anauliza habari ya mteja:

"Ile maigizo inapita lini?"

"Siku ya posho, Tata. Jioni."

Akaonyesha kwa kidevu baa moja ng'ambo ya barabara. "Kwa ile buvette kuko televizyo. Mwenyewe anaachaka batu basimame inje, baangalie." Akamgusa kichwani mtoto wake wa mwisho. "Huyu mudogo aliniuliza jana kama ni kweli tulikuwa tunaikala apa, ao tulikuwa bageni. Nilishindwa kumujibu. Numbi, siombi duka. Siombi nyumba. Jina langu lipite mara moya, batoto balione, miguu yabo ikingali Kolwezi."

"Nimeshalishona, Tata. Litapita."

Niliondoka pale najiona mtu mkubwa. Ahadi rahisi kuliko zote: kitu kimeshafanyika, wewe unaahidi.

Siku ya tano, yaani Ijumaa kwa hesabu yetu, shefu wa stasyo akaniita. Bashi ilikuwa imetandazwa sakafuni mbele yake. Akaonyesha majina manne kwa ncha ya kiatu: la Tata Mbuyi, la mpiga picha, la mtu wa sauti, la mama aliyekuwa akitupikia. Wakasai wote wanne.

"Haya manne, Mama, utayatoa."

"Shefu, Tata Mbuyi njo mukubwa wa nyota. Eko kwa picha kuanza mpaka mwisho."

"Eko ndani ya kofia. Sura haionekane. Jina njo linaonekana." Kisha akashusha sauti. "Mama, mi pia niko na batoto. Nikiacha haya majina, kesho batakuya kuvunja hii nyumba. Toa uzi wote. Nisione hata moya."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye woga, na siku zile woga ulikuwa umevaa suti.

Nikakaa sakafuni, nikaanza. Nilianza na jina la Tata Mbuyi, ili nimalize haraka kuumia. Herufi ya kwanza ikatoka. Na kwa mazoea tu, kwa sababu aliniadhibu miaka mingi mpaka ikawa tabia, niliinua bashi mbele ya dirisha nikague kama nimefumua bila kuchana.

Jua likapita ndani yake. Herufi nzima, nukta kwa nukta.

Sikupata wazo kubwa. Nilikumbuka tu robine. Nilisikia baridi kifuani, mstari ulionyooka.

Nikaishusha chini, nikaendelea. Nilifumua yale majina manne kama nisivyowahi kufumua maishani: polepole, uzi mmoja mmoja, nisichane hata tundu moja. Uzi nikauviringisha kibonge, nikautia mkobani. Majina mengine yalibaki na nyuzi zake, na uzi ukiwa ndani, tundu limezibwa, haling'ai. Mmefahamu? Kwa taa ya mbele, inayomeza ya nyuma, yangeonekana yale yaliyobaki. Kwa taa ya nyuma yangeonekana yale yaliyotolewa, hayo peke yake.

Jumamosi nilimwendea Tata Senga akiwa juu ya ngazi.

"Tata Senga, majina yakishapita, utazima taa gani kwanza?"

"Zote mbili pamoja. Njo mpango."

"Zima ya mbele. Ya nyuma usiikimbilie."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Sababu nyota zinachoka kuwaka na kuzimika. Ziache zipumue."

Akanitazama toka juu ya ngazi. Tata Senga alikuwa mtu wa kupenda kubishana hata na swichi. Siku ile hakubishana. Akasema tu: "Mama Numbi, weye ukianza kuhurumia nyota, mi naogopa."

Jioni ikafika. Umeme ulikuwapo, ambalo lenyewe lilikuwa jambo la kushukuru. Kaseti ikapita: watu wa nyota wakajikuna, wakabishaniwa, wakapewa maji, wakageuza visigino vyenye namba, wakaondoka. Sauti ya Tata Mbuyi ndani ya kofia ikasema neno lake la mwisho: "Aksanti kwa maji." Kisha kamera ya studio ikafunguka kwenye upande wa juu wa bashi. Nyota. Taa ya mbele ikawaka, kamera ikashuka, majina yakasomeka, na katikati yake nafasi nne tupu, kama meno yaliyong'olewa. Shefu alikuwa nyuma ya kioo. Nilimwona akipumua.

Taa ya mbele ikazima.

Giza, nyota za kutupa kokoto, na chini yake, zikiwa zimesimama kwenye mstari, nyota nyingine nyembamba. Mwalimu Kasongo alikuwa karibu nami. Nilimsikia akisoma kwa pumzi tu, kama mtoto wa darasa la kwanza: "M... B... U..."

Shefu alisimama. Akagonga kioo. "Senga! Zima!"

"Ninazima, Shefu!" akajibu Tata Senga, akiitafuta swichi kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umekaa juu yake. "Ninazima! Iko wapi hii swichi? Nani alihamisha swichi?"

Aliitafuta muda mrefu. Aliitafuta hata chini ya kiti.

Ilipozimika, Shefu akaja akasimama mbele yangu. "Nilikuambia utoe."

Nikafungua mkoba, nikampa kile kibonge. "Uzi wote uko hapa, Shefu. Matundu hukuniambia."

Alikishika kibonge mkononi, hajui akitupe au akitie mfukoni. Mwishowe akakitia mfukoni. "Ziba."

"Kuziba kunataka raba na gundi ya magazini. Magazini kuko mapanya tu."

"Basi iondoe mbele ya macho yangu hiyo bashi. Na weye usirudi tena."

Hivyo ndivyo nilivyofukuzwa kazi. Msinionee huruma. Stasyo yenyewe ilifungwa haukupita muda mrefu, wote wakaenda nyumbani. Mi niliwatangulia tu kuwapashia viti moto.

Jumapili asubuhi nilijitwika bashi kichwani, nikaenda gare. Usiku ule bagoni zilikuwa zimefika, za kubebea madini, bila paa. Watu walikuwa wanapanda, wanapitishana masufuria na watoto. Tata Mbuyi alikuwa ameshapanda, amekumbatia mashini yake. Aliponiona hakutabasamu.

"Numbi. Kuya apa."

Nikasogea.

"Ile herufi ya mwisho ya jina langu. Tundu la chini liko peke yake kule, limeachana na benzake. Ulipima na nini?"

"Kwa kidole, Tata."

"Kidole cha nani? Cha mutu gani eko na kidole kama ile? Kolwezi muzima umeona nilifundisha mutu bila kipimo!"

Watoto wake wakaanza kucheka. Mama Meta akafunika mdomo. Nikamwambia mvua ziko njiani, bagoni haina paa, nimeleta bashi awafunike watoto. Akaivuta, akaikunjua kidogo, akaiinua juani. Akaitazama muda.

"Hii? Hii inavuja! Unataka batoto bangu baloane na jina langu?" Akanirudishia, akaikunja mwenyewe kwanza, pembe kwa pembe, kama nguo ya mteja. "Ikale nayo. Inafaa ibakie apa."

Treni ikapiga filimbi. Nilikuwa bado sijui jambo moja, kama watoto nao waliliona, na sikuwa na ujasiri wa kuliuliza. Akaliona usoni mwangu, maana alinisoma tangu nikiwa na pini ya kwanza mdomoni.

"Tulikuwa inje ya buvette, shiye wote," akasema. "Mudogo hajui kusoma. Nikamuambia, basi, hesabu. Alihesabu matundu yote ya baba yake. Kwa sauti, bamama basikie."

Bagoni ikaanza kutembea. Hakupunga mkono, alikuwa ameshika mashini. Miaka baadaye dereva mmoja aliniletea habari kwamba anashona huko, katika mji wa reli, na kwamba wanafunzi wake wanamwogopa sana. Nikafurahi. Angekuwa amelainika, ningejua ameumia.

Basi, ninyi watoto wa telefone. Bashi sitoi, na mmeshajua kwa nini siizibi, na kwa nini mvua ikinyesha nakinga beseni na sisemi kitu. Lakini filamu yenu naitaka iwe nzuri. Mje nayo hapa. Saa kumi za jioni jua linagonga mlango wangu wa nyuma, na nimeitundika uso wake ukitazama ndani. Zimeni kila kitu, kaeni chini, mpige picha mnavyotaka. Viatu mvue mlangoni, na kama ni buti, mkague visigino.

Na yule mrefu wa kofia iliyogeuzwa, aliyesema inavuja, akae mbele kabisa. Ahesabu. Kwa sauti.